Penye Miti Hapana Wajenzi: Acheni Kununua Vidude, Tundikeni Waya!

Leo sina habari za programu mpya wala simu mpya. Leo nimekuja na ugomvi, tena ugomvi na watu wa ukoo wangu: sisi waandika programu, hasa sisi wa huku Migori na jirani zetu wa Homa Bay.

Kisa ni hiki. Kijana anaanza kupenda redio ya ridhaa. Anasoma kwamba kuna watu duniani wanaozungumza kutoka nyumba hadi nyumba, bara hadi bara, bila kampuni ya simu katikati. Anapata hamu. Vizuri sana! Halafu anafanya nini? Anakimbilia dukani. Ananunua kidude cha USB cha RTL-SDR. Anapakua programu tano. Anasimamisha kile kieriali kidogo kilichokuja kwenye boksi juu ya meza, chini ya mabati, karibu na chaja ya tarakilishi. Anafungua masafa ya 7 MHz na kuona mistari ya kelele kutoka ukuta hadi ukuta. Ananunua kipaza nguvu. Kelele inapazwa. Ananunua kidude cha pili, ghali zaidi. Kelele ile ile, sasa ina rangi nzuri. Baada ya mwezi mmoja anatoa hukumu: "Mawimbi mafupi yamekufa."

Hayajafa! Kilichokufa ni antena yako, omera.

Nasema hivi, na anayetaka kubisha abishe: kwa mtu anayeishi Migori au Homa Bay, shilingi ya kwanza ya redio iende kwenye waya. Kabla hujatundika mita 20 za waya NJE ya nyumba, kununua kipokezi kingine ni kutupa hela, na kuandika programu ya kusafisha kelele ni kujidanganya mwenyewe.

Programu haiumbi kitu

Mimi hula ugali kwa kuandika programu, kwa hiyo nisisikie mtu akisema naionea wivu kazi hiyo. Lakini sisi waandika programu tuna ugonjwa mmoja: tunadhani kila tatizo litaisha tukiongeza mistari ya kodi. Redio haiko hivyo. Programu hupanga, huchuja, hupima. Kile ambacho hakikuingia kwenye waya, programu haiwezi kukiumba.

Tuangalie kile kidude chenyewe. RTL-SDR ilizaliwa kama kifaa cha kutazamia televisheni kwenye tarakilishi, na mnamo 2012 wadukuzi wema wakagundua kwamba chipu yake ya RTL2832U inaweza kugeuzwa kuwa redio ya masafa mapana. Ni jambo la ajabu na mimi nalishangilia. Lakini hupima mawimbi kwa biti 8 tu. Piga hesabu: kila biti ni kama desibeli 6, kwa hiyo kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa kuna takriban desibeli 50. Ukijaza nafasi hiyo kwa kelele za chaja, umebakiza nini cha mtu wa Finland?

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi sana. Kile kidude cha kawaida hakishuki vizuri chini ya 24 MHz. Ili usikie mawimbi mafupi hulazimika kukiendesha kwa njia ya moja kwa moja, ambapo hupima mara milioni 28.8 kwa sekunde. Aliyesoma hesabu za sampuli anajua maana yake: mpaka ni 14.4 MHz, na kila kilicho juu ya mpaka hujikunja kurudi chini. Kituo kilicho 14.6 MHz kitakutokea 14.2 MHz, katikati kabisa ya bendi ya mita 20! (Toleo la V4 la mwaka 2023 lina kibadilisha masafa ndani yake, hilo nalikubali.)

Najua jibu lenu. Mtanitajia WSPR na FT8. Haya, tuzitaje. WSPR iliandikwa na Joe Taylor, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1993, na ilitoka mwaka 2008. Inaweza kusoma ishara iliyo chini ya kelele kwa karibu desibeli 28. Ni kazi ya kuvuliwa kofia. Lakini jiulizeni: chini ya kelele ya WAPI? Ya kwako! Tuseme kelele ya meza yako imezidi kelele ya shambani kwa desibeli 20. Desibeli 20 ni mara 100. Mtu aliyekuwa akisikika shambani kwa wati 5, sasa atahitaji wati 500 ili umsikie mezani vile vile. Wewe umemtoza mwenzako wati 495 kwa sababu ya uvivu wa kupanda mwembe.

Sasa habari njema. Kwenye mawimbi mafupi, kelele nyingi hutoka nje ya redio: radi za dunia nzima na mitambo ya binadamu. Kelele ya kipokezi chenyewe ni ndogo ikilinganishwa na hizo. Maana yake ni kwamba antena ya kupokelea haihitaji ukamilifu wa antena ya kurushia. Hata kama waya wako unapoteza sehemu ya ishara, unapoteza na kelele kwa kiasi kile kile, na uwiano unabaki. Kwa hiyo wale wanaosubiri kwanza wanunue kifaa cha kupimia antena ndipo watundike waya, nao wanatafuta sababu tu. Mahali ulipoutundika pana uzito kuliko kipimo chake.

Mifano ya kale ipo

Desemba 1921 Mmarekani mmoja, Paul Godley, alipelekwa Ardrossan, Scotland, kujaribu kama redio ndogo za ridhaa kutoka Marekani zingesikika ng'ambo ya Atlantiki. Aliweka hema penye unyevu na upepo karibu na bahari. Unadhani aliringa na nini? Alikuwa na kipokezi kizuri cha wakati ule, ndiyo. Lakini nje ya hema alitandaza waya wa karibu mita 400, umeinuliwa mita chache tu kutoka ardhini, kwa mtindo wa Harold Beverage. Na akawasikia! Kipokezi kile leo kinazidiwa na redio ya sokoni. Waya ule ungefanya kazi leo, bila kubadilishwa hata skrubu moja.

Wazee wetu nao walilijua hili bila shahada. Waulizeni waliosikiliza redio za betri kubwa miaka ya sitini: waya ulitoka dirishani ukaenda hadi kwenye mti. Sisi wenye intaneti ndio tuliosahau.

Nani tajiri, ninyi au wa Nairobi?

Mtu wa ghorofa Nairobi ana dirisha moja, majirani arobaini, na kila jirani ana chaja, televisheni na taa za LED. Akitaka kutundika waya wa mita 20 aombe ruhusa kwa mwenye nyumba, naye atakataa. Wapenzi wa redio huko Ulaya wanalia kilio hicho hicho miaka nenda miaka rudi.

Wewe je? Wewe uko Ndhiwa, uko Nyatike, uko Rusinga, uko milima ya Kuria. Una boma. Una mwembe, una mkaratusi, una mgrevilea kwenye mpaka wa shamba. Jirani wa karibu yuko mbali kiasi kwamba ukimwita inabidi upaze sauti. Huo ndio UTAJIRI wa redio, na hauuzwi dukani. Penye miti hapana wajenzi, wahenga walituona!

Na utajiri huu hautadumu. Tangu mradi wa kufikisha stima vijijini ulipoanza mwaka 2015, nguzo zimefika mbali. Sipingi stima, nani atapinga mwanga? Lakini kila chaja ya bei ya chini, kila balbu ya LED isiyo na kichujio, kila kidhibiti cha sola kinachokata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, ni kirusha-kelele kidogo. Unataka ushahidi? Subiri stima ipotee (hatusubiri sana, sivyo? :-) Washa redio ya betri na usikilize 7 MHz. Usiku wa 25 Agosti 2023, Kenya karibu yote ilipoingia gizani, wenye redio ya betri na waya nje walipata nafasi ambayo hakuna duka linaiuza. Kimya kile cha usiku wa giza ndicho unachotakiwa kukikaribia kila siku, kwa kuuhamisha waya mbali na nyumba.

Fanya hivi, leo

Kuna watu wanataka kwanza nadharia ya kurasa mia. Hapana. Fanyeni hivi:

1. Nenda kwa muuza vifaa vya stima Rongo, Awendo, Oyugis au popote ulipo. Nunua mita 20 za waya mwembamba wa shaba wenye ngozi ya plastiki. Usichague rangi. (Wataalamu watakwambia "waya mrefu" hasa ni ule unaozidi urefu wa wimbi moja, yaani zaidi ya mita 42 kwa bendi ya 7 MHz. Ni kweli. Ukiwa nao na nafasi unayo, ongeza. Ukikosa, ishirini zinatosha kuanza.)

2. Chagua miti miwili iliyo mbali na nyumba, angalau mita 15 hadi 20. Hii ndiyo hatua watu wanairuka, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Usiulaze waya juu ya mabati wala kuupitisha sambamba na nyaya za stima.

3. Urefu wa kwenda juu, mita 5 hadi 8. Ng'ombe apite, boda boda apite, mtoto asining'inie. Miti huyumba, kwa hiyo upande mmoja funga kamba ya nailoni, ipitishe juu ya tawi, na mwisho wake ning'iniza jiwe au chupa ya maji. Upepo ukija, jiwe litapanda na kushuka badala ya waya kukatika. Kati ya waya na kamba weka kipande cha bomba la plastiki ili waya usiguse mti.

4. Chini ya waya, mwisho ulio karibu na nyumba, weka transfoma ya 9 kwa 1. Jina lisikutishe. Ni pete ya feraiti yenye mizunguko 9 upande wa waya na mizunguko 3 upande wa kebo, nyaya mbili TOFAUTI zisizogusana. Zikitengana, kelele inayopanda kutoka nyumbani kupitia ngozi ya kebo haipati njia rahisi ya kuingia kwenye antena.

5. Hapo hapo pigilia fimbo ya chuma au ya shaba ardhini, uiunge na upande wa pili wa ile mizunguko 9. Wenye udongo mweusi wa mfinyanzi mna bahati, unashika unyevu. Wa kwenye mawe wachimbe zaidi.

6. Kutoka kwenye transfoma hadi nyumbani tumia kebo ile ile ya dishi ya televisheni. Ndiyo, najua ni ya omu 75. Kwa kupokea haina neno. Ilaze ardhini au ifukie, usiitundike. Inapoingia nyumbani, izungushe mara kadhaa kwenye pete nyingine ya feraiti.

7. Endesha tarakilishi kwa betri yake, chaja ichomolewe. Kisha zima swichi kuu, halafu washa kifaa kimoja kimoja huku ukisikiliza. Utamjua adui kwa jina.

Sasa, SASA ndipo chomeka kile kidude chako. Uone kama bado utataka kingine.

Majibu kwa wabishi

*"Kuna WebSDR, kwa nini nihangaike?"* WebSDR ya Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, iliyoanza mwaka 2008, ni shule nzuri na nimeisikiliza mno. Lakini ukiisikiliza hiyo unasikia anga ya Uholanzi. Mawimbi haya hurushwa juu yakapindwa na ionosfia, na ionosfia iliyo juu ya Homa Bay si ile iliyo juu ya Uholanzi. Sisi tuko karibu na ikweta, jua linatupiga utosini. Kusikiliza Twente ukiwa Mbita ni kama kutazama hali ya hewa ya Amsterdam ili ujue kama utaanika omena leo.

*"Na radi je?"* Hapa sina mzaha. Bonde la Ziwa Viktoria ni mojawapo ya sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Mchana upepo wa ziwani husukuma mawingu kuelekea nchi kavu, usiku hewa ya nchi kavu hushuka ziwani na ngurumo huhamia huko. Basi sheria ni hii: waya umeunganishwa wakati umekaa kwenye kiti tu. Ukiinuka, chomoa, na uichomolee NJE ya nyumba, kisha uunganishe waya na fimbo ya ardhini. Weka pia rizista ya kilo-omu 100 kati ya waya na fimbo ili umeme tuli uvuje polepole. Ukisikia ngurumo na bado hujachomoa, umeshachelewa, usiguse kitu, ondoka hapo. Hakuna transfoma wala kifaa cha dukani kinachozuia pigo la moja kwa moja. Kama unajijua wewe ni msahaulifu, usitundike. Nimesema.

Na nyaya za Kenya Power: waya wako usipite juu yake wala chini yake, na uchague mahali ambapo hata ukikatika na kurushwa na upepo HAUTAFIKA. Kifo hakina programu ya kurudi nyuma.

*"Majirani watasema mimi ni jasusi."* Watasema, ndiyo. Jaduong' wa boma la pili atakuja aulize, "Kijana, huo waya unavuta nini?" Usimjibu kwa Kiingereza cha vitabu. Mwambie, "Jaduong', karibu ukae, usikie mwenyewe." Mpe kiti, mpe kipaza-sauti cha masikioni. Akishasikia mtu wa Afrika Kusini akiita, yeye ndiye atakuwa mlinzi wa waya wako.

*"Nitahitaji leseni?"* Kurusha kunahitaji leseni kutoka Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na alama za wito za kwetu huanza na 5Z4. Usirushe bila hiyo, hata kwa mzaha. Kipo chama, Amateur Radio Society of Kenya, cha kukuelekeza. Lakini mrushaji mzuri kwanza ni msikilizaji mzuri, na masikio hujengwa kwa waya.

Kwa nini nagombana

Mtu anaweza kuuliza: waya tu, mbona umefoka hivyo? Nafoka kwa sababu nawaona vijana wenye akili wakiiacha kazi hii wakiamini ni ya matajiri. Wameambiwa na maduka na video kwamba tatizo lao ni kukosa kifaa, hawajaambiwa kwamba dawa imesimama nyuma ya jiko, ina majani na matunda. Na nafoka kwa sababu ya ramani. Fungua ramani ya vipokezi vya KiwiSDR vilivyo wazi kwa umma. Ulaya nukta zinapandana kama mchanga. Afrika Mashariki karibu ni uwanja mtupu. Anga iliyo juu ya Ziwa Viktoria inasimuliwa na walio mbali, wakati sisi tumekaa chini yake tukibadilisha rangi za programu.

Basi nawapa kipimo kisichohitaji maneno. Kuna mtandao wa vinara 18 vya redio duniani, unaoendeshwa na NCDXF pamoja na IARU. Vyote hutumia 14.100 MHz kwa zamu, kila kimoja sekunde 10, na mzunguko hurudi kila baada ya dakika 3. (Mara nyingine kimoja au viwili huwa kimya kwa matengenezo, usife moyo.) Kila kinara hutaja alama yake kwa Morse, kisha hutoa milio minne mirefu: wa kwanza kwa wati 100, wa pili wati 10, wa tatu wati 1, wa nne sehemu moja ya kumi ya wati. Yaani rula imeshachorwa angani, bure!

Jioni, kuanzia saa kumi hadi saa tatu usiku, sikiliza kwa kieriali cha mezani. Andika: umesikia vinara vingapi, na kila kimoja milio mingapi. ZS6DN ni Afrika Kusini, 4S7B ni Sri Lanka, 4X6TU ni Israeli, OH2B ni Finland. Kesho yake tundika waya, sikiliza saa zile zile, andika tena. Linganisha karatasi mbili. Rudia siku kadhaa, maana anga hubadilika.

Kama karatasi ya waya haikuishinda ya mezani, nitumie zote mbili na nitazichapa hapa hapa, herufi kubwa, pamoja na jina la bendi na saa. Ila mkikaa kimya nitajua mko juu ya mwembe mnafunga kamba.

Kazi kwenu.